TAREHE 13 APRILI: MWALIMU ATIMIZA MIAKA 100, NA KIBITI JE?

Tahariri ya vijana – Nyamwage, Rufiji. Jumatano, 13 Aprili 2022

Vijana wenzangu, leo ni tarehe 13 Aprili. Washa redio, fungua gazeti, ingia kwenye simu yako, habari ni moja: Mwalimu Julius Kambarage Nyerere angekuwa hai leo angetimiza miaka 100. Ni haki yake kukumbukwa, na mimi sina ugomvi na hilo.

Lakini kwetu huku, kuanzia Mkuranga, uteremke Kibiti, upite Ikwiriri, uvuke Daraja la Mkapa mpaka ufike hapa Nyamwage njia panda ya Utete, tarehe hii ina jina la pili. Leo imetimia miaka 5 kamili tangu askari polisi 8 wauawe kwa risasi pale Mkengeni, wilayani Kibiti. Hilo la pili hulisikii. Halina kongamano, halina makala maalumu, halina hata dakika moja ya kusimama kimya.

Nimeamua kuiandika tarehe hii yote, nzuri na mbaya, ya kwetu na ya wenzetu. Siandiki ili tujue mambo mengi ya zamani kama watu wa chemsha bongo. Naandika kwa sababu ukiyapanga matukio ya siku hii moja yanaongea kitu kimoja. Yanauliza: nchi inawafanyia nini watu wake waliouawa na waliopotea? Inawahesabu? Inawazika? Inawatafuta? Au inanyamaza tu, ikingoja wafiwa wachoke?

1919: MKOLONI ALIHESABU

Tuanzie mbali kidogo, India. Tarehe 13 Aprili 1919, mjini Amritsar katika jimbo la Punjab, watu walikusanyika kwenye uwanja uliozungukwa na kuta, uitwao Jallianwala Bagh. Ilikuwa sikukuu yao ya Baisakhi. Wengine walikuja kwenye mkutano wa kupinga sheria za kikandamizaji za Waingereza, wengine walikuwa wamekuja mjini kwa ajili ya sikukuu tu. Mikutano ilikuwa imepigwa marufuku.

Jenerali Dyer akaingia na askari wake, akaamuru wapige risasi bila hata kuwaonya watu watawanyike. Walipiga kwa dakika kama 10. Risasi zilizotumika zilikuwa karibu 1,650. Taarifa ya serikali ya kikoloni ilisema waliokufa ni 379. Chama cha Congress, ambacho kilifanya uchunguzi wake chenyewe, Gandhi akiwa mmojawapo wa wachunguzi, kilisema waliokufa walikaribia 1,000.

Sasa hapa nataka tusikilizane. Mwingereza alikuwa dhalimu, hakuna wa kumtetea. Lakini hata yeye, mwaka huohuo wa 1919, alilazimika kuunda kamati ya uchunguzi chini ya Lord Hunter. Dyer akaitwa, akakaa kitini, akaulizwa maswali, majibu yake yakaandikwa. Ripoti ikatoka 1920, na Dyer akaondolewa kwenye madaraka yake ya kijeshi. Adhabu ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na damu iliyomwagika. Hata hivyo kulikuwa na hesabu, kulikuwa na ripoti, na mtu angeweza kusimama akabisha kwamba si 379, ni wengi zaidi. Huwezi kubishia hesabu ambayo haijawahi kutolewa.

Na tusisahau: mkutano ule ulikuwa marufuku. Sisi vyama vya upinzani tulizuiwa kufanya mikutano ya hadhara mwaka 2016. Wanaodhani marufuku ya mikutano ni jambo dogo la wanasiasa kukosa jukwaa, waisome Amritsar. Pale mkusanyiko wa wananchi unapogeuzwa kuwa kosa, anayekusanyika anageuzwa kuwa mhalifu kabla hajafungua mdomo.

1922: BUTIAMA

Miaka mitatu baadaye, tarehe hiihii, kule Butiama, akazaliwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake ni Bibi Mgaya. Inasimuliwa kwamba mvua ilikuwa kubwa siku hiyo, ndiyo maana akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Sisi watu wa Rufiji tunaijua masika ya Aprili, hatuna haja ya kuelezwa.

Mwalimu kwetu huku si picha ya ukutani tu. Wazee wetu wanamjua kwa Operesheni Rufiji. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, watu walihamishwa kutoka bondeni kwenye mashamba yao ya mpunga wakaletwa huku juu kwenye vijiji. Kuna wazee wanaosema ile operesheni iliwaokoa na maji. Kuna wengine mpaka leo wanasema iliwatenga na shamba lililokuwa likiwalisha, maana mto ukifurika unaua lakini pia unarutubisha. Wote wawili wana haki ya kusema.

Na sisi wapinzani tunajua kwamba chini ya Mwalimu ilipitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, na chini yake nchi ikawa ya chama kimoja 1965. Hatuwezi kujifanya hatukuyaona. Ila ni Mwalimu huyohuyo ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alisimama akawaambia wenzake waruhusu vyama vingi. Kwa hiyo anayetaka kumfanya Mwalimu malaika anakosea, na anayetaka kumfanya shetani anakosea pia. Alikuwa kiongozi. Kiongozi anapimwa kwa alichofanya siku mambo yalipoharibika mikononi mwake. Hapo nitarudi, kwa sababu ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo.

1975: BEIRUT

Tarehe 13 Aprili 1975, katika jiji la Beirut nchini Lebanon, basi lililobeba Wapalestina lilishambuliwa na watu wenye silaha, abiria wengi wakauawa. Siku hiyo ndiyo inahesabiwa kuwa mwanzo wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu miaka 15.

Sitaki kuvisimulia vita vile. Nataka kusema juu ya waliopotea. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 17,000 ambao walichukuliwa, hawakurudi, na hawana kaburi. Vita vilipokwisha 1990, wakubwa wakakubaliana yaishe. Wapiganaji wakapewa msamaha, na baadhi ya waliokuwa viongozi wa makundi ya silaha wakaingia serikalini. Wananchi wakaambiwa tusonge mbele.

Kina mama hawakusonga. Walikaa na picha za waume na wanao, mwaka hadi mwaka, wakiuliza swali lilelile. Mwaka 2018, miaka 28 baada ya vita kwisha, Bunge la Lebanon likapitisha sheria ya kuunda tume ya kitaifa ya kuwatafuta waliopotea na kutambua haki ya familia kujua kilichowapata ndugu zao. Miaka 28! Mama aliyeanza kuuliza akiwa na miaka 40 alikuwa na 68.

Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanatuambia swali la Kibiti litakufa lenyewe, tuupe muda. Haliwezi kufa. Wanaouliza ndio watakaozeeka.

1979: KAMPALA

Tarehe 13 Aprili 1979 Mwalimu alitimiza miaka 57. Siku hiyohiyo, jijini Kampala, Profesa Yusuf Lule aliapishwa kuwa Rais wa Uganda. Kampala ilikuwa imeangukia mikononi mwa jeshi letu na wapiganaji wa Uganda siku mbili tu kabla. Idi Amin, aliyevamia Kagera Oktoba 1978, alikuwa amekimbia.

Urais wa Lule haukufikisha hata siku 70. Uganda ilipita kwenye mengi baada yake. Lakini jambo ninalotaka tulitazame liko upande wetu wa mpaka. Vijana wa nchi hii walikufa katika vita ile, na walipokufa, nchi haikuwaacha porini. Nenda Kaboya, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Kuna makaburi ya mashujaa wetu. Viongozi huenda pale, huweka mashada, bendera hupepea, bunduki hupigwa kwa heshima. Mtoto wa aliyekufa anaweza kupanda basi akaenda kusimama mbele ya kaburi la baba yake.

Kwa hiyo tusidanganywe kwamba Serikali yetu haijui kufanya mambo haya. Inajua vizuri sana: kuhesabu, kuandika majina, kuzika, kukumbuka. Inafanya inapotaka.

2017: MKENGENI

Sasa tuje nyumbani.

Alhamisi, 13 Aprili 2017. Kwa Wakristo ilikuwa Alhamisi Kuu, siku tatu kabla ya Pasaka. Jioni, askari polisi waliokuwa wakirudi kutoka lindo kwenye kizuizi cha barabarani walishambuliwa kwa risasi pale Mkengeni. Wanane wakafa. Silaha zao zikachukuliwa.

Haikuwa mwanzo wala mwisho. Kabla ya hapo na baada ya hapo waliuawa wenyeviti wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji, watendaji na raia wa kawaida. Ukijumlisha na askari, ni zaidi ya watu 30. Na nalisema wazi kwenye ukurasa huu wa upinzani: wengi wa viongozi waliouawa walikuwa wa CCM. Walikuwa baba zetu, wajomba zetu, watani zetu, watu tuliokaa nao msibani na kwenye ngoma. Aliyewaua alituulia sisi. Wilaya ya Kibiti imemegwa kutoka Rufiji lakini undugu haukumegwa.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku. Ukishushwa na basi hapa njia panda jioni unaenda Utete, ulikuwa huna wa kukupeleka. Maduka yakafungwa mapema. Mwenyekiti wa kijiji akawa halali kwake. Mtu akigonga mlango baada ya Isha, ndani nyumba nzima inashika pumzi. Polisi wakaunda Kanda Maalum ya Rufiji. Mkuu wa Jeshi la Polisi akabadilishwa Mei mwaka huo, akatoka Ernest Mangu, akaingia Simon Sirro. Agosti, polisi wakatangaza kwamba watuhumiwa 13 wameuawa katika mapambano. Pole pole mauaji yakakoma.

Yalipokoma tukashukuru Mungu, na waliofanya kazi ya kuyakomesha kwa haki wanastahili shukrani yetu. Lakini wakati mauaji yanakoma, kitu kingine kilikuwa kimeshaanza. Watu walikuwa wakichukuliwa. Wengine nyumbani, wengine shambani, wengine njiani. Waliochukua hawakujitambulisha. Ndugu wakienda kuuliza vituoni wanaambiwa hayupo hapa. Nchi nzima ikajifunza msemo mpya: watu wasiojulikana.

Mmoja wao anajulikana dunia nzima. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa magazeti ya Mwananchi, aliyekuwa akiandika habari za mauaji ya huku, alichukuliwa Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Hajaonekana tena. Julai 2019, Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC maneno yaliyoeleweka kwamba Azory alitoweka na kufa. Baadaye ikatolewa kauli kwamba hakueleweka vizuri. Basi tueleweshwe! Miaka zaidi ya minne sasa. Kama mwandishi aliyeulizwa habari zake mpaka London hana majibu, mvuvi wa delta na mkulima wa ufuta watapata wapi majibu yao?

MKE ASIYE MJANE

Nataka vijana wenzangu wa mikoani ambao hamjawahi kuishi hali hii muielewe, maana takwimu haziumi kama maisha.

Mtu akifa kwetu, kuna utaratibu. Anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa, anazikwa. Mke anakaa eda miezi 4 na siku 10. Hitma inasomwa. Mirathi inagawanywa. Maisha yanauma lakini yanakwenda.

Mtu akichukuliwa asirudi, hakuna hata kimoja. Mke hajui akae eda au aendelee kumngoja. Akikaa eda, wakwe wanaweza kusema amemuua mtoto wao kwa mdomo. Asipokaa, si mke wa mtu aliye naye, wala si mjane. Shamba la mikorosho liko kwa jina la mume. Huwezi kugawa mirathi ya mtu ambaye hujui kama amekufa. Mtoto shuleni akiulizwa baba yuko wapi anaangalia chini. Nimekaa na kina mama wa namna hii. Siwataji majina wala vijiji, kwa sababu hofu yao si ya kubuni. Mmoja alinieleza kwamba kila Ramadhani anaingiwa na wasiwasi uleule: akimsomea mwanawe dua ya maiti anahofu anamkatia tamaa aliye hai, na asipomsomea anahofu anamnyima haki yake aliyekufa. Tuko kwenye mfungo sasa hivi. Mwaka huu wasiwasi wake umerudi tena.

Na upande wa pili je? Wajane na watoto wa wale askari 8? Viongozi waliwaaga kwa hotuba, tukasikia waliohusika watatiwa mbaroni. Je, familia zile zimewahi kukaa mahakamani zikasikia ushahidi, zikajua nani hasa aliwaua watu wao na kwa nini? Mtuhumiwa akishauawa porini, ushahidi wake anaondoka nao. Mjane wa askari na mke wa aliyepotea wanaonekana kama wako pande mbili za vita. Mimi naona wamekaa kwenye mkeka mmoja. Wote wananyimwa kitu kilekile: ukweli.

MWALIMU ALIFANYAJE?

Hapa ndipo naporudi kwa Mwalimu, kama nilivyoahidi.

Katikati ya miaka ya 1970, mikoa ya Shinyanga na Mwanza ilikumbwa na mauaji, hasa ya vikongwe walioshukiwa uchawi. Serikali ikatuma vyombo vyake kufanya msako. Watu wengi wakakamatwa. Baadhi wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowakamata. Linganisheni wenyewe. Mauaji ya kutisha, wananchi wanalia wanataka ulinzi, vyombo vya dola vinaingia, na katika kuzima moto watu wasio na hatia wanaungua.

Nini kilifuata? Jambo halikufunikwa. Lilichunguzwa. Januari 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu. Hakumpiga mtu yeyote kwa mkono wake, lakini yalitokea chini ya wizara yake, akabeba. Waziri Peter Siyovelwa akajiuzulu. Wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga nao wakaachia nafasi zao. Baadhi ya maofisa wakafikishwa mahakamani, wakahukumiwa.

Hii ilikuwa nchi ya chama kimoja! Hakukuwa na upinzani bungeni, hakukuwa na mitandao, magazeti yalikuwa ya Serikali na chama. Na bado liliwezekana.

Tena kuwajibika hakukummaliza Mzee Mwinyi. Alikwenda ubalozini Misri, akarudi, akawa Rais wa Zanzibar 1984 na Rais wa Jamhuri ya Muungano 1985. Wananchi walimheshimu zaidi kwa sababu aliondoka bila kufukuzwa. Kwa hiyo anayeogopa kwamba uchunguzi wa Kibiti utaharibu majina ya watu, historia ya nchi hii inamwambia usiogope. Kinachoharibu jina ni kuficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa niwaulize wanaomsherehekea Mwalimu leo: mnamsherehekea Mwalimu yupi? Kama ni yule wa fimbo na msemo mzuri, sherehekeeni. Kama ni yule ambaye chini yake mawaziri waliwajibika kwa damu ya wananchi wa Shinyanga, basi Kibiti inawasubiri.

MAJIBU KWA WANAOTUZUIA

Najua tutakayoambiwa.

Tutaambiwa tunafukua makaburi. Makaburi yapi? Tatizo letu ni kwamba hayapo. Tungekuwa na makaburi tungekwenda kuyafyekea.

Tutaambiwa tunatetea wauaji. Hapana. Tunataka wauaji wa askari na wa wenyeviti wajulikane kwa majina, mahakamani, kwa ushahidi. Anayetaka jambo liishe kimya ndiye anayewasaidia wauaji, maana katika kimya hicho mwenye hatia na asiye na hatia wanalala kitanda kimoja.

Tutaambiwa hayo yalikuwa ya awamu iliyopita. Kweli, Rais Samia Suluhu Hassan aliingia Machi 2021, na tumeona dalili za mazungumzo mwaka huu. Tunazipokea. Lakini Serikali ni moja, haizaliwi upya kila Rais akiapa. Madeni ya nje ya awamu iliyopita yanalipwa, barabara za awamu iliyopita zinazinduliwa. Kwa nini hili la wananchi waliopotea ndilo liachwe kwa marehemu? Na maridhiano yanayozungumzwa mezani Dar es Salaam na Dodoma hayatafika Rufiji kama hayatapita kwanza kwenye nyumba zile.

TUNACHOTAKA

Tusiishie kulalamika. Madai yetu ni manne, na yote yanawezekana bila hata kubadili Katiba.

Kwanza, Rais aunde tume kwa kutumia Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 32. Iongozwe na jaji. Ikae Kibiti, Ikwiriri na Bungu, isikae hotelini mjini. Isikilize askari, viongozi wa vijiji, wa CCM, wa upinzani, mashehe, wachungaji na familia. Na ripoti yake isomwe hadharani, isiishie kabatini.

Pili, daftari moja la majina. Askari waliouawa, viongozi waliouawa, raia waliouawa, watuhumiwa waliouawa, na wote waliochukuliwa wasirudi. Wote kwenye daftari moja, bila kuuliza kadi ya chama.

Tatu, familia za waliopotea zipewe nyaraka zinazotambulika, ili wake wajue hali yao, mirathi ipite, na watoto wapate haki zao.

Nne, ulinzi kwa watakaosema. Mtu asiitwe mchochezi kwa kuuliza mwanawe yuko wapi.

KAZI YETU SISI VIJANA

Wakati tunangoja Serikali, kazi ya kwetu haihitaji kibali cha mikutano. Kila tawi la vijana, kuanzia Mkuranga mpaka huku mpakani na Kilwa, likae na wazee wa eneo lake, liandike: jina la mtu, umri wake, siku aliyochukuliwa au kuuawa, nani alimuona mara ya mwisho. Andikeni kwa ridhaa ya familia tu. Anayeogopa msimlazimishe. Msiandike tetesi, msiandike cha kuongeza chumvi, maana jina moja la uongo litatumika kuwakana mia wa kweli. Na msiyarushe mitandaoni. Yatunzwe mpaka ipatikane tume ya kuyapokea. Mkisikia jina la askari au la mwenyekiti wa CCM, liandikeni kwa mkono uleule na kwa wino uleule.

Hapa si mbali na Mohoro, alikonyongwa Kinjikitile Ngwale. Mjerumani alimuua mtu wetu kwa dhuluma kabisa, lakini mtoto wa shule ya msingi anaweza kukutajia siku: 4 Agosti 1905. Zaidi ya miaka 100 imepita na tunajua alikufa lini, wapi na mkononi mwa nani. Kuna mwenzetu aliyechukuliwa 2017, chini ya bendera yetu wenyewe, ambaye mama yake hana siku, hana mahali, hana jina la aliyemchukua. Hatuwezi kukubali kwamba tulipigania Uhuru ili tujue machache kuliko tulivyojua chini ya Mjerumani.

Mwalimu apumzike kwa amani, na heri ya miaka 100. Askari 8 wa Mkengeni wapumzike kwa amani. Wenyeviti na watendaji wetu wapumzike kwa amani. Na wale ambao hatujui tuwaombee wapumzike au warudi, tunawaambia familia zao: hamko peke yenu, na tarehe 13 Aprili mwakani tutauliza tena.

Ramadhani njema, na Pasaka njema kwa wenzetu.

Mwandishi ni mwanachama wa jumuiya ya vijana ya chama, tawi la Nyamwage.